Pete Waliyonifunga Tumboni

Ku barieri, upande wa Rwanda, nilimeza mate yangu na mate yakarudi. Si chakula, si maji, mate tu. Binti yangu Masika alishika kopo chini ya kidevu changu, na watu wa mustari wakajisogeza mbali, wakafikiri ni kipindupindu. Afisa wa mupaka aliuliza nina nini. Nilipandisha blauzi, nikamuonyesha kovu chini ya mbavu.

"Niko na pete ndani ya tumbo, papa. Imenikaba. Muganga aliyeiweka yuko Kampala."

Alitugongea muhuri.

Nyinyi mnaonicheka ku soko ya Mabanga, hapa Goma, eti mama aliyetaka kuwa musichana tena, someni namna ilivyokuwa.

Ilianzia Kanyaruchinya, nje kidogo ya Goma, siku mabomu yalikaribia na watu wote wakakimbilia muji. Mimi nilikuwa na mwili mukubwa, magoti mabovu na sukari mu damu. Nilitembea kidogo, nikaketi juu ya mawe ya volkano. Masika akataka kunibeba, akashindwa, akaketi pia. Nilimutukana ili aende, matusi ambayo sitayaandika hapa. Hakuenda. Camionnette moja, gari ndogo iliyobeba makala ya kupikia, njo ilituokota. Siku ile niliapa kwamba binti yangu hatakufa kwa sababu ya mama asiyeweza kusimama. Sikutafuta uzuri, nilitafuta miguu.

Mabanga, kabla ya safari ya kwanza. Komisioneri mumoja, dalali jina lake Sylvestre, anayepeleka wagonjwa Kampala, alikuja kwangu. Aliketi na kaka zangu, mimi nikileta chai. Aliwaeleza operasio tatu za kupunguza mwili. Ya kwanza, wanakata sehemu kubwa ya tumbo na kuitoa. Ya pili, wanatengeneza kifuko kidogo cha tumbo na kukishonea utumbo, chakula kipite njia fupi. Ya tatu, wanafunga pete juu ya tumbo, hawakati kitu.

Sasa, mu familia yetu mutu anazikwa na mwili wake wote. Baba alipokatwa kidole, kidole kilipelekwa Butembo, kikazikwa ku shamba ya babu kumungojea. Basi kaka yangu mukubwa, muzee Kambale, alitaka kujua kitu kimoja.

"Tumbo ya dada yangu wataitupa wapi? Imbwa za Kampala zitakula?"

Sylvestre akacheka. "Njo sababu pete iko muzuri, muzee. Hata akikufa, mutamuzika muzima."

Wakakubaliana. Walipanga vizuri maziko yangu. Namna nitakavyoishi na ile pete, hakuna aliyeuliza.

Njiani, kupitia Kigali, bus ilinibana pande zote. Mama mumoja wa Bukavu aliyeketi karibu aliuliza naenda kununua nini Kampala. Nilimujibu kwamba naenda kununua tumbo. Alicheka mpaka Kabale, kisha akanipa nusu ya kiti chake.

Kampala, ku kliniki, Dokta Ronald hakunipima sana. Ku karatasi iliyonitangulia kulikuwa kumeandikwa pete. Niliuliza mutu wa sukari kama mimi anafaa operasio gani. Alisema familia yangu imekwisha kuchagua. Kisha, pete ikiwa tayari ndani, njo akanieleza kwamba inaunganishwa na kikopo kidogo chini ya ngozi. Wanaingiza maji humo kwa sindano ili ikaze, wanayatoa ili ilegee, na kwa hiyo inanipasa kurudi mara kwa mara. Kutoka Goma? Akasema Sylvestre atapanga.

Nilirudi Kampala mara ya pili, akaikaza. Nilipofika nyumbani, vita ikaingia muji. Barieri ikafungwa, ndege hakuna. Pete ikaanza kunikataza bukari, ugali wetu, kisha uji, kisha chai. Sylvestre alizima simu. Ku hospitali mbili za Goma waganga walikuwa hawajaona kitu kama hicho, wakaogopa kuchoma sindano. Siwalaumu. Barieri ilipofunguliwa tu, Masika alinibeba kama alivyotaka kunibeba Kanyaruchinya.

Kampala mara ya tatu. Dokta Ronald alinitazama na kusema, "Mama, umekula bukari."

"Sijameza hata uji," nilimwambia. "Choma sindano kwanza. Kula utanifundisha nyuma."

Aliyatoa maji, nikakunywa glasi moja mbele yake, polepole, nikimutazama machoni. Lakini usiku nilitapika tena, na Masika akanipeleka hospitali ingine. Pale Dokta Grace aliona pete imeteleza. Aliitoa. Alisema kwao waliacha kuweka pete zamani, na kwa sukari yangu ile operasio ya pili ndiyo ingepaswa kuzungumzwa kwanza. Nilimuuliza: kwetu njia zinafungwa, ni ipi itaniacha hai? Akasema zote zinataka muganga wa kumufuatilia mugonjwa. Ya pili inataka vidonge vya vitamini maisha yote na kupima damu, lakini ya kwanza na ya pili hazimungojei mutu wa kuja kukaza wala kulegeza.

"Upone kwanza," alisema. "Kisha uchague wewe."

Goma tena. Nimerudi bila pete, na mwili wangu wote. Nilimwambia kaka Kambale kwamba nikiamua kukatwa tumbo, litabaki Kampala, na siku ya kufa kwangu azike kitakachokuwepo. Nimejifunza kwamba anayeombwa kuchagua lazima awe yule atakayelala ku meza ya kupasuliwa.

Lakini Sylvestre bado anazunguka Goma, na juma hili yuko mutaa wa Katindo, ku nyumba ya mama mwingine, anakunywa chai na kaka zake. Wewe Sylvestre, na wewe Dokta Ronald, majina yenu nimeyaandika na sitayafuta. Mulijua pete inataka muganga karibu, na mulijua natoka wapi. Simameni mbele ya yule mama, mumwambie: njia ikifungwa, nani Goma atamulegezea? Mujibu mbele yangu, kabla hajapanda bus.