Sahani ya Ming'oko

Juzi jua likielekea kuzama, nikiwa jikoni nakoroga uji wa futari, mlango uligongwa. Kwenye ghorofa letu mlango haugongwi hivihivi. Mtu akitaka kuja anapiga simu kwanza, na asipopiga basi ni fundi wa umeme, au kakosea. Nikachungulia kwenye tundu. Mtoto wa kike, ushungi umemzidi kichwa, amebeba sahani iliyofunikwa kwa kawa. Nikafungua nusu. Akasema mama yake kasema hii futari yangu, akaniachia sahani mikononi, na kabla sijamuuliza mama yake ni nani, alikuwa keshateremka ngazi.

Nikaiweka mezani nikaitazama. Mama gani huyu? Ananijua wapi? Na kwa nini leo? Usinicheke, rafiki yangu. Ungelelewa na Bibi yangu mimi, hata wewe sahani ya watu ungeiangalia kama mbwa usiyemjua.

Hapa palipo ghorofa ndipo ilipokuwa nyumba yake, hapahapa Kariakoo. Ilikuwa nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, ukumbi katikati, vyumba huku na huku, na uani bomba, choo na majiko ya wapangaji yamepangana. Alfajiri ulisikia adhana, halafu mikokoteni ikikwaruza kuelekea sokoni, halafu harufu ya vitunguu na dagaa inaingia mpaka chini ya shuka. Bibi alikaa barazani na ungo wake, anapepeta mchele, macho yako mtaani.

Hakuamini mtu. Muuza maji akipunguza bei, Bibi anataka kujua yamechotwa wapi. Ukisema mjukuu wake kanenepa na ukasahau mashallah, umekwisha, na mimi jioni nafukizwa ubani mpaka nakohoa. Swala tano hazimpiti, tasbihi haimtoki mkononi, lakini woga wake ulikaa palepale pamoja na tasbihi. Mimi mtoto sikujua kipi ni dini na kipi ni woga. Nilivimeza vyote pamoja.

Mwaka mmoja, Ramadhani ikikaribia, chumba kinachotazamana na chetu kikapata mpangaji mpya, mwanamke kutoka Mtwara ambaye mume wake alibeba mizigo sokoni. Bibi alimweka kwenye mizani siku hiyohiyo. Anacheka na watu asiowajua, ana nini? Anafagia mlangoni kwake kabla hakujakucha, anafukia nini? Siku ya kwanza ya mfungo jirani akapiga hodi na sahani. Bibi akaipokea kwa tabasamu zuri kabisa, akafunga mlango, akafunua. Ndani mlikuwa na vitu vyembamba virefu, rangi ya udongo, vimechemshwa na maganda yake.

"Mizizi," alisema Bibi. "Kaniletea mizizi."

Ilikuwa ming'oko. Watu wa kusini wanaichimba porini, wanaichemsha kwa chumvi, wanaimenya na kuila kama sisi tunavyokula viazi. Bibi hakuijua. Mizizi aliyoijua yeye ni ile inayouzwa sokoni juu ya gunia, pamoja na magome na vichupa, ya kutibu mgongo na ya kufanyia watu mambo. Akatoka uani kimyakimya, akamwagia paka.

Sasa sahani ya jirani hairudi tupu, hilo unalijua. Kuirudisha tupu ni tusi, tena ingemshtua adui. Basi Bibi akaijaza vikaimati vyake, vile vya kung'aa kwa shira ya iliki, akanituma nipeleke. Jirani wa watu akaona kumbe amependwa. Kesho yake akaleta ming'oko mingi zaidi. Bibi akapaniki, akarudisha tambi za nazi na zabibu juu. Jirani akazidi kujiona anapendwa, akazidisha sahani. Bibi akasema, umeona anavyong'ang'ania? Mtu mwema hang'ang'anii hivyo. Mwezi ukaendelea namna hiyo, na paka akanenepa mpaka akawa anaona uvivu kupanda ukuta.

Nikamuuliza Bibi mbona paka hafi. Akanijibu bila hata kuinua macho kwenye ungo.

"Si yeye aliyekusudiwa."

Neno lile halikunitoka. Kuanzia siku ile nikawa najiona mimi ndiye. Kwanza sikugusa cha jirani. Halafu nikaacha uji wa shuleni, tuliopewa sisi wadogo tusiofunga bado, maana sikumwona aliyeukoroga. Halafu maji ya mtungi wa chuoni tulikosoma Kurani. Mwisho hata chakula cha Bibi mwenyewe, kikiachwa wazi akenda kuswali, nilikikataa. Nilinusa, nikageuza, nikanusa tena, na tonge likifika mdomoni koo linajifunga. Mama, aliyekuwa akiuza mitumba Mchikichini, alianza kuniletea magauni ya watoto wadogo kuliko mimi, na yakanienea. Alinivalisha, halafu akaenda kusimama uani peke yake.

Bibi hakushangaa. Kwake ushahidi ndio huo, nimeshaguswa. Akanipeleka kuandikiwa kombe, aya kwa zafarani juu ya sahani nyeupe, zikaoshwa kwa maji ninywe. Nikalitazama kombe lenyewe nikauliza maji kayachota nani. Hapo ndipo nilipomwona Bibi anaogopa kwelikweli, kombe linamwagika kwenye kanga wala hana habari. Akaapa Idi ikipita tu, jirani ahame.

Aliyeniokoa ni mwalimu wa chuo, mama mmoja mnene mwenye sauti ya chini, aliyetufundisha Kurani wasichana kwenye baraza lake mtaa wa pili. Siku hiyo nilikuwa nasoma Suratun-Nas, sura ya mwisho, tena naijua kwa moyo, nikaona herufi zinacheza, nikaanguka ubavu. Wenzangu wakaenda, mimi nikabakizwa. Nikamweleza yote, mizizi, paka, aliyekusudiwa. Alisikiliza mpaka mwisho, hakucheka hata kwenye paka.

"Ulimwona jirani akiweka kitu?"

"Hapana."

"Sasa nani anakwambia kimewekwa?"

"Moyo wangu."

"Unakwambia kwa sauti ya nani?"

Nikafikiri, nikainamisha kichwa. Nikamjibu ni ya Bibi.

Hakumsema Bibi vibaya hata kidogo. Alisema katika sura niliyokuwa naisoma tunaomba kinga kwa Mola dhidi ya yule anayenong'oneza vifuani mwa watu, na mnong'ono wenyewe kuja si dhambi wala si uchawi. Shida ni kuukaribisha ukae. Akanitajia watu wanaotia udhu wakarudia, wakarudia tena, mpaka swala inawapita, na kila wakirudia ndivyo wanavyozidi kutokuwa na hakika. Akasema mimi na kunusa kwangu ni walewale.

"Bismillahi moja," alisema. "Halafu tonge. Usinuse, usiulize. Ukitaka kuirudia Bismillahi ili uwe na uhakika, hapo humwombi Mungu, unabishana na wasiwasi. Utaogopa. Ogopa hivyohivyo, huku unatafuna."

Akanichotea maji palepale, akanigeuzia mgongo makusudi nisimwone anavyochota. Niliyanywa nalia. Kila siku ikawa kitu kimoja: maji, halafu uji wa shule, halafu wali wa Bibi ulioachwa wazi. Woga ulikuja kila mara, ukapanda, ukakaa, ukachoka wenyewe ukaondoka. Ukubwani nimewahi kumsikia mtaalamu wa saikolojia akieleza njia hiyohiyo, hatua kwa hatua, nikajikuta natafuta kwa macho baraza la mwalimu wangu.

Kilibaki kitu kimoja. Jioni moja mfungo ukielekea mwisho, hodi ikapigwa, sahani ikaja, na adhana ikaanza. Bibi akanyoosha mkono aipeleke uani. Nikamuwahi. Nikachukua mng'oko, nikaumenya, nikasema Bismillahi moja, nikala.

Bibi aliganda na tende yake mkononi. Hakufuturu. Alinitazama mdomo, halafu macho, halafu tumbo, kana kwamba naweza kupasuka pale mkekani. Nikala wa pili. Ulikuwa na ladha ya kiazi na chumvi, basi. Bibi akanishika mkono, na mkono wake ulikuwa baridi.

"Mwanangu wa kwanza alikula kwa watu," alisema. "Alikuwa mkubwa kama wewe. Hakuamka."

Sikuwahi kulisikia hilo, wala Mama hakuwahi. Miaka yote ile ya kuuliza maji yamechotwa wapi, ya ubani, ya kumwagia paka, Bibi alikuwa anamlinda mtoto aliyekwisha kufa. Mtoto kama mimi ningesema nini? Nilimwambia, "Mimi nipo, Bibi." Halafu nikamenya mng'oko mmoja, nikamwekea mbele.

Alisema Bismillahi. Midomo ikaanza kuirudia, nikamshika mkono.

"Moja tu, Bibi."

Akala, machozi yanamtiririka mpaka kidevuni, akatafuna taratibu, akameza. Tukakaa. Halafu akasema chumvi imezidi.

Jirani hakuhama. Bibi hakuacha kushuku dunia, usidhani, muuza maji aliendelea kuhojiwa mpaka akahama mtaa. Lakini sahani zile ziliingia ndani, zikaliwa, na paka akarudia umbo lake. Miaka mingi baadaye, Bibi alipofariki, tulikuta ameusia mwili wake uoshwe na yule jirani. Huyo ndiye aliyemwosha.

Sasa nyumba imevunjwa, warithi tumepewa sehemu zetu huku juu, na chini ni maduka ya vitenge na simu. Ukumbi ule ambao sahani zilipishana kabla ya magharibi haupo. Tuna ngazi, na milango ya chuma, na tundu la kuchungulia. Mimi mwenyewe nimekaa hapa miaka na sijui anayeishi chini yangu anaitwa nani, wala sikuona kama nimepungukiwa, mpaka juzi.

Adhana ilipotoka niliifunua ile sahani. Magimbi ya nazi. Pua ilishaanza kushuka inuse, nikaizuia, nikasema Bismillahi nikala, matamu hayo. Nikaosha sahani, nikaijaza vikaimati, maana haiwezi kurudi tupu. Kufika kwenye ngazi ndipo nilipokumbuka sijui inarudi kwa nani.

Nikagonga mlango wa kwanza huko chini. Tundu likawa jeusi, mtu ananichungulia, halafu likawa jeupe. Hakufungua. Nikagonga wa pili.

"Nani?"

"Jirani."

"Jirani gani?"

Nikasema wa juu, nimeleta sahani. Nikasimama pale na vikaimati vyangu vinapoa, na nilijua yule aliye ndani anawaza nini, neno kwa neno. Miguu ilitaka kunirudisha kwangu. Nikasema Bismillahi, moja tu, nikagonga mlango unaofuata.