Nywila Iliyobaki Zizi la Zamani

Fundi aliingia na flashi yake ikining'inia shingoni kama medali, na kabla hajavuta kiti alishatoa hukumu juu ya kompyuta yetu.

"Hiyo ni ya kupiga window tu, dada."

"Hujaiangalia."

"Naijua."

"Umeijuaje na bado haijawaka?"

Mwenye steshenari, mwalimu mstaafu ambaye amefundisha nusu ya Bariadi kusoma, alicheka chinichini nyuma ya mashine ya kopi. Mimi sikucheka. Kupiga window ni kufuta kila kitu na kuanza upya, na kwa mafundi wetu hiyo ndiyo dawa ya kila ugonjwa. Huyuhuyu aliwahi kuipiga window kompyuta hiihii kwa sababu printa ilikuwa haitoi karatasi. Shida ilikuwa waya uliochomoka. Lakini yeye alishafuta picha zote za mwanangu, tangu siku aliyozaliwa mpaka alipoanza kukaa, ambazo nilizihifadhi humo kwa kuwa simu yangu ilijaa. Akaniambia pole. Mpaka leo nikimwona barabarani mkono unaniwasha.

Safari hii nilikaa mbele ya ile kompyuta na kumwambia asiiguse. Mwanangu, ana miaka miwili na nusu, alikuwa amelala chini ya meza juu ya maboksi ya karatasi.

"Binti," mwalimu akasema, "mwache mwenzio afanye kazi."

"Mwalimu, humo kuna nywila yangu ya chuo."

Alijua maana yake.

Nilikuwa naomba chuo cha afya. Nilimaliza kidato cha nne na ujauzito wa miezi mitatu ambao hakuna aliyeujua, na baada ya kujifungua nikawa natoa kopi za vyeti vya watu wengine waende kusoma wao. Mwaka ule nikasema basi. Nilifungua akaunti kwenye mfumo wa maombi, nikajaza kila kitu, kikabaki kupandisha cheti cha kuzaliwa, ambacho kilichelewa sana kutoka. Sasa cheti kilikuwa mkononi. Siku hiyo ilikuwa Alhamisi, na dirisha la maombi lilikuwa linafungwa Ijumaa.

Nywila sikuikumbuka. Mimi, ambaye kila mteja namwambia mama andika, baba andika, yangu sikuiandika popote. Niliitunga siku nina hasira, brauza ikaniuliza nikuhifadhie, nikabonyeza ndiyo, nikasahau. Ukibonyeza "umesahau nywila", mfumo unatuma namba kwenye simu uliyojiandikishia. Laini ile ilikuwa ya baba wa mtoto, kwa sababu wakati ule mimi sikuwa na kitambulisho cha kusajili yangu, na tulipoachana akabaki nayo. Nilimpigia mara mbili asubuhi ile. Haipatikani. Kufungua akaunti nyingine haiwezekani, mfumo unakwambia namba yako ya mtihani imeshatumika. Kwa hiyo nywila yangu ilikuwa sehemu moja tu duniani, ndani ya brauza iliyochanganyikiwa.

Na ilichanganyikiwa kweli. Ukiifungua, inakurushia kurasa za kubeti. Ukizifunga tatu, zinakuja tano. Nilikuwa nafika kwenye ukurasa wa maombi, naona jina langu na vidoti vya nywila vimejazwa tayari, nikibonyeza kuingia, ananitokea mwanamke anayezungusha gurudumu la bahati. Nikienda kwenye mipangilio ili nione nywila, ukurasa unadumu kama pumzi mbili kisha unageuka kubeti. Mama mmoja aliyetoka Zagayu kutoa kopi ya kadi ya kliniki, bado ana nyuzi za pamba kwenye kitenge, alichungulia juu ya bega langu, akanisalimia Kisukuma.

"Mwangaluka mayu. Na kompyuta yenu nayo inabeti?"

"Mwangaluka. Inabeti, mayu, na haijawahi kula."

Fundi aliona anachekwa. "Haya, nitarudi saa nane. Ukishindwa usinililie." Akaondoka na flashi yake.

Nilibaki nahesabu vile vidoti kwa ncha ya kalamu. Kumi na tano. Nikaanza kujiuliza ni kitu gani cha herufi kumi na tano ambacho mimi ningekiandika. Jina la mtoto na tarehe aliyozaliwa, hapana, kumi na mbili. Jina la baba yangu, hapana. Nilijaza nyuma ya karatasi nzima. Hasira yangu ya asubuhi ilikuwa inageuka kitu kingine, nilitaka kujua. Kwa nini vidoti viko sawa na kila kitu kingine kimeharibika? Ugonjwa umekaa wapi hasa?

Hapo nikamkumbuka baba.

Kwetu ni upande wa Mwanhuzi, tunafuga. Nikiwa darasa la tano ndama walianza kukohoa na kufa, mmoja baada ya mwingine. Jirani akasema ni mkono wa mtu. Mwingine akasema uza wote. Baba hakumjibu yeyote. Alichukua ndama wawili wanaokohoa, akawapeleka kwenye zizi la mjomba, akawaacha. Baada ya wiki mbili wale wawili walikuwa wanakimbia, na waliobaki kwetu bado wanakohoa. Baba akapiga teke udongo wa zizi, akasema, "Gete, kweli kabisa, ndama hawana kosa. Kosa liko hapa chini." Tukajenga zizi jipya upande wa pili wa nyumba. La zamani hakulichoma. Aliliacha na miiba yake, na mvua zilipokuja mama akapanda mahindi mle, yakawa marefu kumpita baba. Tulipokuwa tunapalilia tukaikuta kengele ya ng'ombe iliyopotea siku nyingi.

Nikasema ngoja, na mimi nihamishe ndama.

Kwenye kompyuta kulikuwa na brauza nyingine ambayo hatuitumii. Nikaifungua, nikaenda kwenye ukurasa wa maombi. Ukatulia kimya. Hakuna gurudumu. Basi intaneti ni nzima na kompyuta ni nzima, na fundi angefuta kompyuta nzima bure! Nilisikia damu inapanda tena, nikaishusha. Kazi kwanza.

Nikawasha bando kwenye simu nikaanza kusoma. Kiingereza changu ni cha kidato cha nne cha shule isiyo na mwalimu wa Kiingereza, kwa hiyo nilisoma polepole, sentensi moja mara tatu. Niliyoyakuta yalinishangaza. Brauza ni vitu viwili. Kuna programu yenyewe, hiyo ni sawa kwa watu wote. Halafu kuna folda iliyofichwa mbali, wanaiita profaili, na humo ndimo kunakaa mambo yako yote: ulikopita, ulichoruhusu, ulichoongeza, nywila zako. Programu inaweza kuwa nzima kabisa na profaili imeoza. Na unaweza kuipa programu ileile profaili mpya, bila kuifuta ya zamani.

Nilipiga meza. Mtoto akajigeuza, akaendelea kulala.

"Vipi tena?" mwalimu akauliza.

"Kosa liko chini, mwalimu."

"Chini wapi?"

"Kwenye zizi."

Alinitazama juu ya miwani kama aliyepata jibu lisilo na swali, akarudi kwenye kopi zake.

Nilifunga brauza. Nikabonyeza kitufe cha window pamoja na R, nikaandika amri fupi niliyoikopi kutoka kwenye simu. Kikatokea kidirisha kidogo cha kijivu ambacho sijawahi kukiona katika miaka miwili ya kukaa pale. Kina vitufe vitatu: tengeneza, badilisha jina, futa. Nilitengeneza profaili mpya. Ile ya zamani niliibadilisha jina nikaiita ZAMANI. Kitufe cha kufuta sikukisogelea kabisa.

Brauza ikafunguka nyeupe, haina hata ukurasa mmoja wa kubeti. Nilienda kwenye maombi, ukurasa ukakaa. Lakini boksi la nywila lilikuwa tupu. Vidoti vyangu kumi na tano vilibaki zizi la zamani.

Saa saba na nusu ilishapita. Nikasoma tena kwenye simu: nywila zinakaa kwenye faili moja ndani ya folda ya profaili. Nikaitafuta ile folda, ina jina la ajabu la herufi zilizomwagwa tu, nikaikuta faili, nikaikopi kwenye folda mpya. Nikafungua brauza. Tupu. Hapo nilitukana, na mwalimu akakohoa kunikumbusha kwamba amewahi kunichapa darasa la sita nilipohamia kwa shangazi hapa Bariadi.

"Soma tena swali," akasema. "Wewe tangu zamani unajibu kabla ya kumaliza kusoma."

Nikasoma tena, mpaka mwisho. Faili ni mbili. Moja ina nywila, lakini zimefungwa. Nyingine ndiyo ufunguo wake. Ukihamisha moja peke yake umehamisha kufuli. Nikafunga brauza, nikakopi zote mbili, nikafungua.

Zilikuwemo zote. Na siyo zangu peke yangu, maana pale watu wote tunatumia brauza moja. Walimu, wanakwaya, wanafunzi wa mikopo, mwalimu mwenyewe, mji mzima umejipanga kwenye orodha na vidoti vyake, kila mmoja na kajicho pembeni ka kufunulia. Sitasema uongo, kidole kilinicheza. Nikateremka mpaka kwenye jina langu, nikabonyeza kajicho kangu.

Mgongoni.Ndiyo1

Niliisoma mara mbili. Kisha nikakumbuka yote. Siku ninafungua ile akaunti nilimpigia baba wa mtoto kumwomba namba iliyotumwa kwenye laini yake. Alinitajia, halafu akacheka, akasema, "Utasoma na mtoto mgongoni?" Nilikata simu. Mfumo ukasema tunga nywila yenye herufi kubwa, alama na tarakimu, nami nikamjibu humo.

Mtoto aliamka hapohapo, akaanza kulia anataka uji. Mwalimu akasema nimpe ambembeleze. Nikasema hapana mwalimu, niache. Nilimfunga mgongoni kwa kitenge, nikaandika zile herufi kumi na tano kwa mkono wangu ingawa brauza ilishanijazia, nikaingia. Nikapandisha cheti. Nikabonyeza kutuma. Maombi yako yamepokelewa. Nikachapa karatasi ile nakala mbili, na printa haikusumbua.

Halafu nikaenda kuangalia vile vitu vilivyoongezwa kwenye profaili ya zamani, maana bado nilitaka kujua nani alituletea kubeti. Nilikuwa nimeshawashtaki wanafunzi moyoni mwangu. Nikakuta kikorokoro cha kugeuza faili za PDF, na tarehe yake. Siku hiyo nilikuwa zamu peke yangu. Mteja alikuwa na haraka, ukurasa ukasema ongeza hiki kwanza, nikabonyeza kubali. Ni mimi.

Fundi alirudi saa nane na robo. Akaangalia kioo, akaangalia mtoto mgongoni.

"Umepiga window?"

"Sijapiga."

"Sasa umefanyaje?"

Nilitaka kumtukania zile picha. Badala yake nilivuta kiti. "Kaa, nikuonyeshe. Nawe uache kufuta watu."

Alikaa. Aliuliza maswali mawili ya maana, nikamjibu. Profaili ya ZAMANI tuliiacha mwezi mzima, na kila mteja aliyerudi nilimfunulia nywila yake, akaiandika kwa mkono wake. Ya kwangu nimeshaibadilisha, msihangaike kuijaribu.