Dada Yangu Alivyoiona Bahari

Mama alipofariki, dada yangu ndiye aliyenilea. Yeye alikuwa kifungua mimba, mimi kitinda mimba. Aliacha shule akaenda kuchuna majani chai kwenye shamba kubwa huko Kericho, nami nikadhani wasichana wakubwa wote hufanya hivyo. Baadaye aliolewa karibu na Chepilat, akapanda majani yake mwenyewe na kupata watoto watatu.

Mwaka jana saratani ilimrudia. Daktari akatueleza kwa upole kwamba kilichobaki ni dawa za kutuliza maumivu tu. Tulipofika stendi, dada akanigeukia.

"Nataka kuona bahari," akasema.

"Bahari?"

"Na kisiwa. Nataka kusimama mahali maji yamezunguka kila upande. Usiniulize kwa nini."

Shemeji alikataa kabisa. Aliogopa mkewe angefia huko mbali.

"Basi utakuja kunichukua huko," dada akamwambia.

Shemeji akachukua ndoo, akaenda kukamua ng'ombe. Aliporudi macho yake yalikuwa mekundu. "Nendeni," akasema. "Mimi nitabaki na watoto."

Tulipanda basi mpaka Nairobi, kisha treni mpaka Mombasa, tukakodi gari mpaka Shimoni, na asubuhi yake tukavuka kwa boti kwenda Wasini pamoja na wageni wengine. Dada alishikilia ubao wa kiti kwa mikono miwili kama mtu anayeendeshwa kwenye barabara mbovu. Tulipokaribia kufika, akachovya kidole majini, akakilamba.

"Kumbe ni kweli ina chumvi!" Akacheka. Nilikuwa nimesahau kicheko chake kilivyo kikubwa.

Kisiwani hakuna magari. Tulitembea polepole kwenye njia ya mbao inayopita katikati ya matumbawe makavu, meusi, mengine marefu kuliko mtu. Hatukufika mbali, miguu ikamkatalia. Mwanamke mmoja aliyekuwa akiuza mikeka akatuona, akatandika mmoja kivulini.

"Kaa hapa, dada yangu. Jua la huku si mchezo. Mwatoka wapi?"

"Kericho, huko kwa majani chai. Tumekuja kutembea tu."

"Na watoto je?"

"Wako watatu. Nimewaacha na baba yao, shule hazijafungwa. Lakini Desemba tunarudi sisi wote. Yule mdogo anaogopa maji, itabidi nimshike mkono mimi mwenyewe."

"Basi mje kwangu. Nitawapikia samaki wa nazi."

"Huyo mdogo anaogopa miiba pia."

"Nitamtolea."

Wakaendelea hivyo: watoto watalala wapi, waje na nguo gani, kama maji huwa na baridi asubuhi. Mimi nilisimama kando nikijifanya napiga picha. Mwanamke yule hakuuliza kuhusu kitambaa kilichofunika kichwa cha dada, wala mikono yake iliyokonda. Kule nyumbani watu walikuja kumwona, wakaomba, wakashusha sauti. Hakuna aliyezungumza naye juu ya Desemba. Hata mimi sikuwahi.

Tulipokuwa tukirudi kwenye boti akaniegemea.

"Umesikia nilichomwambia yule mama?"

"Nimesikia."

"Usimwambie baba watoto. Ataumia." Nikamsaidia kupanda boti. "Lakini ilikuwa tamu kusema." Kisha akalala begani kwangu, mdomo wazi, mpaka tukafika ng'ambo.

Alifariki nyumbani mwezi wa nane, mvua ikinyesha, shemeji akiwa amemshika mkono. Siku ya mazishi nilimsikia jirani akinong'ona kwamba safari ile ndiyo iliyommaliza. Huenda ni kweli. Shemeji naye alimsikia, akaja akasimama karibu nami, akabaki hapo mpaka kaburi lilipofunikwa.

Juzi yule mtoto mdogo aliniuliza bahari inafanana vipi. Nikaanza kumweleza, nikakwama. Nilijaribu kukumbuka rangi ya maji, kama yalikuwa ya buluu au ya kijani, na sikuweza. Safari nzima nilikuwa nikimwangalia mama yake.