Kanuni Niliyomwandikia Jirani

Nilikuwa na diploma ya umeme kutoka shule ya ufundi ya Bukavu, yenye mhuri na picha yangu nikiwa bado na nywele nyingi. Tuliporudi Rwanda baada ya vita nilivuka nayo daraja la Rusizi, nimeifunga ndani ya shuka isilowe. Jirani yangu wa Gihundwe hakuwa na diploma. Alirudi mwaka uleule kutoka upande wa Uvira, akawa anatengeneza baiskeli chini ya turubai. Shule aliiacha darasa la nne. Nayasema haya mapema kwa sababu ndiyo niliyokuwa nikijiambia moyoni kila nilipomwona.

Yeye ndiye aliyewasha taa.

Siku hizo nyaya za umeme ziliishia Kamembe mjini. Kwetu sisi ilikuwa kibatari, na mimi, mwalimu wa fizikia, nilisahihisha madaftari huku moshi ukiniingia machoni. Jirani akapata dinamo ya lori lililoungua, akachonga mabawa matatu ya mbao, akaunganisha mabomba ya chuma mpaka yakawa mlingoti wa mita tisa. Nilimtazama wiki nyingi juu ya ua wa minyaa na kucheka. Nilichukua kalamu nikamwonyesha mke wangu kwa nini haiwezekani: dinamo ya lori inataka kasi kubwa, na upepo wa ziwani ni mpole.

Hesabu yangu ilikuwa sahihi. Lakini jirani alifunga gurudumu la baiskeli na mkanda, na kila mabawa yalipozunguka mara moja, dinamo ilizunguka mara nyingi. Mimi sikuwa nimelifikiria gurudumu.

Alasiri moja ya kiangazi binti yangu alikuja mbio kutoka huko. "Papa, njoo uone! Taa inawaka, na jua lingali nje!"

Sikwenda. Nilisema nina madaftari.

Ng'ambo ya mto vita vilikuwa vimeanza tena, na mke wangu alikuwa na dada yake aliyebaki huko Bukavu, mtaa wa Kadutu. Jirani aliunganisha redio kwenye betri yake, na kila jioni, wakati wa habari, watu walijaa uani kwake, wamekaa juu ya mawe na ndoo zilizopinduliwa. Mke wangu alikuwa wa kwanza kufika.

"Unaenda tena?" nilimuuliza.

"Naenda kusikia habari za dada. Weye uko na redio?"

"Niko nayo."

"Iko na mawe?"

Haikuwa na betri, na alilijua hilo vizuri. Akajifunga kitenge akatoka. Nilisikia vicheko vyao kupitia minyaa, sauti ya mke wangu ikiwa juu ya nyingine zote, na nikajaribu kukumbuka ni lini alicheka hivyo nyumbani.

Kilichoniuma zaidi ni jina. Watu walianza kumwita "Enjeniere", yaani mhandisi. Mara mbili, njiani, nilisikia mtu akiita hivyo nyuma yangu nikageuka, kumbe anaitwa yeye. Mara ya pili aliona nilivyogeuka. Akanisalimia kwa heshima, "Mwalimu, amani?" kama vile hakuona kitu. Hata kwa hilo nilimchukia.

Kisha maneno yakaanza. Mama mmoja ambaye maharage yake yalikauka alisema mashine ile inafukuza mvua. Mwanajeshi mmoja akamuuliza konseye wa sekta, kiongozi wetu, ni kitu gani hicho kirefu kinachozunguka karibu na njia ya ndege zinazotua Kamembe. Konseye alikuwa mtu mzuri asiyependa maswali. Akaja kwangu.

"Mwalimu, mi sijue kitu ya upepo," alisema. "Weye ndiye muntu wa diploma hapa. Niandikie kanuni: urefu gani, umbali gani na nyumba ya bantu. Jumamosi, kisha umuganda, tutazisoma mbele ya wote."

Nilikubali papo hapo.

Siku ya soko jirani alipokwenda mjini, nilitembea kando ya ua wake na kamba. Kiwanja chake kilikuwa na upana wa mita ishirini na mbili. Nilijua vizuri kwamba mlingoti unahitaji nafasi sawa na urefu wake, na mita moja juu yake, ili ukianguka usimdhuru jirani. Kwa mita kumi kila upande, angeuhamishia katikati ya ua na maisha yangeendelea. Niliandika: mlingoti uwe mbali na mpaka mara moja na nusu ya urefu wake. Hiyo ni mita kumi na tatu na nusu kila upande, ishirini na saba kwa jumla. Kisha nikawaza kwamba anaweza kuukata uwe mfupi, nikaongeza namba mbili: usipungue mita nane, mabawa yasije yakawafikia watu. Hata wa mita nane ungetaka upana wa mita ishirini na nne. Niliandika kwa mwandiko wangu mzuri wa ubaoni.

Jumamosi, baada ya umuganda, kazi ya pamoja ya kijiji, majembe yakiwa bado mikononi, konseye alisoma. Jirani aliinua mkono.

"Na nikikata mlingoti, ukuwe mufupi?"

"Soma namba mbili," nilimwambia konseye.

Akaisoma namba mbili. Jirani alihesabu kwa vidole. "Sawa," alisema. "Mwalimu amesoma. Anajua namna chuma inaanguka."

Kesho yake baada ya misa aliushusha mlingoti yeye na kaka zake wawili, polepole kama wanaoshusha mgonjwa. Mke wangu alikuwa akianika nguo. Hakugeuka kunitazama.

"Umeacha kiwanja kimoja tu kinachotosha mlingoti, mtaa huu wote," alisema.

"Kipi?"

"Hiki chetu."

Ilikuwa kweli. Sisi tulikuwa kwenye kona, tulikuwa na mita thelathini. Wiki zilizofuata mapigano yalisikika hadi kwetu, na mke wangu alitembea hadi Kamembe kutafuta habari za dada yake. Majirani walikuja kwangu mmoja mmoja. "Mwalimu, si utujengee weye? Weye uko na nafasi, na uko na diploma." Nilifurahi kuliko ninavyopenda kukiri. Nilijenga likizo nzima. Nilichonga mabawa kwa vipimo, nikaweka gurudumu kama lake, nikasimamisha mlingoti katikati ya kiwanja, kisheria kabisa.

Mabawa yakageuka huku, yakageuka kule. Taa ikawa nyekundu kidogo kama ncha ya sigara, ikazimika. Watu walisubiri, wakasema kesho labda upepo utakuja, wakaondoka.

Mke wangu ndiye aliyemwita. Jirani alikuja na spana mfukoni, akashika mabawa, akayazungusha kwa kidole.

"Muzuri kuliko yangu," alisema, na alimaanisha. Akachota majivu jikoni kwetu, akayarusha juu. Yalizunguka yakaturudia usoni. "Unaona? Hapa upepo unagonga nyumba, unarudi. Mlingoti ungekuwa pale kwenye minyaa, ungeshika upepo."

"Kanuni inakataza."

"Ndiyo. Inakataza."

Sijui nilipata wapi ujasiri. "Ningeweza kuandika mita kumi," nilimwambia.

"Najua. Siku ya kuusimamisha nilipima kwanza upande wako. Nilisema ukianguka, uangukie jiko yangu, usiguse batoto bako."

Alikung'uta majivu kwenye shati, akanipa mkono, akaenda.

Nilirudi kwa konseye. Katika mkutano uliofuata nilisimama nikasema kipimo kibadilishwe, kiwe mita kumi. Nilisema nilikosea hesabu. Mke wangu, aliyekuwa amekaa na wanawake wengine, aliinamisha kichwa, kwa sababu alijua sikukosea hesabu hata kidogo. Kanuni ikabadilishwa siku ileile, lakini jirani alikuwa ameshaahidi mashine yake kwa zahanati moja ya Bweyeye, karibu na msitu. Waliipeleka kwa lori mpaka barabara ilipokwisha, mabomba yakabebwa vichwani.

Dada wa mke wangu alivuka mto akiwa mzima, na furushi la nguo. Ni yeye aliyetuletea habari zake mwenyewe.

Jirani alikaa Bweyeye miezi mingi. Aliporudi, watu walijaa tena uani kwake, bila taa na bila redio, kumsikiliza tu. Alisimulia jinsi mama mmoja alivyojifungua mapacha chini ya ile taa, na muuguzi akamfukuza yeye jirani nje ya chumba, kwa sababu alikuwa amesimama mle ndani akilinda waya. Watu walicheka. Mke wangu alifuta machozi. Nami nilicheka, na katikati ya kicheko nikahisi mchomo uleule wa wivu, kama siku ya kwanza.

Wiki ileile nilimwomba anifundishe kusoma upepo. Alinifundisha alasiri nne, kwa majivu na uzi uliofungwa kwenye kijiti. Sikuwa mwanafunzi mzuri.