Siku Kumi za Kijibwa

Kidole changu cha shahada hakikunjiki vizuri mpaka leo, na aliyekiharibu ni mimi mwenyewe. Naanza na hilo kwa sababu kuna watu hapa mtaani Galbet wanaosimulia kwamba niling'atwa na mbwa mwenye kichaa. Mbwa hakuwa na kichaa. Niling'atwa kwa ujinga wangu.

Kijibwa chenyewe kilikuwa cheupe, kidogo kiasi kwamba hata paka wa sokoni wangekifukuza. Mke wa mwanangu alikuja nacho kutoka Nairobi alipohamishiwa huku kufundisha, na mjukuu wangu, msichana wa miaka minane, akakifanya ndugu yake. Mimi sikukitaka. Mbwa ni wa kulinda boma, na hicho kilikuwa kinaogopa kuku.

Jumamosi moja saa sita mchana, mabati yanalia kwa joto, mjukuu akaniita kama tunavyomwita nyanya kwetu, "Susu, kuja uone." Nikakikuta kimelala ubavu kando ya pipa la maji. Miguu yote minne inakimbia na hakiendi popote. Meno yanagongana, povu linatoka, mkojo umeenea chini, macho yako wazi na hayaoni mtu.

Shule niliishia darasa la tatu, lakini kifafa nakijua. Kwetu Mwingi mtu akianguka hivyo alitiwa mwiko mdomoni asimeze ulimi. Nilifundishwa na mama yangu, naye alifundishwa na mama yake, na hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza ni nani aliyewahi kuona ulimi ukimezwa. Nikachukua mwiko wa ugali, nikapiga magoti, nikaupanua ule mdomo. Taya zikafunga. Mwiko ukateleza, kidole kikabaki ndani.

Mwanangu akatoka ndani, akaona damu yangu na povu la mbwa pamoja. "Mama, hicho ni kichaa. Tokeni hapo."

Jirani yetu, mzee wa Kisomali anayeuza mbuzi, ambaye tumesalimiana juu ya ua kwa miaka ishirini, akaingia na hangool yake, ile fimbo ndefu ya wafugaji yenye kulabu. Alikuja kunisaidia, hilo sitamnyima.

"Mama, toa mtoto hapa. Hii mbwa imeuma mtu, imekwisha. Mimi namaliza, wewe enda hospitali."

"Hutaigusa."

"Wallahi iko na kichaa. Angalia povu."

"Na mimi nikitoka povu utanipiga na hiyo fimbo?"

"Wewe si mbwa, mama."

"Shukuru Mungu. Ningekuwa mbwa ningeanza na wewe."

Hasira ile haikuwa ya siku hiyo. Nilikuwa na dada, mkubwa wangu, aliyekuwa akianguka. Kijijini walisema povu lake linaambukiza, kwa hiyo akianguka watu wote wanarudi nyuma, wanatengeneza duara, wanatazama. Siku moja aliangukia jikoni, kwenye mafiga, moto ukiwaka, na duara likatengenezwa kama kawaida. Mimi nilikuwa mdogo, nikashikwa mkono nisimkaribie. Alikufa siku ya tatu. Sasa nimezeeka, niko uwanjani kwangu mwenyewe, na duara lile lile linanizunguka, mwanangu akiwa mmoja wao.

Tukiwa bado tunabishana, miguu ya kijibwa ikatulia. Kikasimama, kikagonga pipa kama mlevi. Mke wa mwanangu akampigia simu daktari wa mifugo, binti ambaye kazi yake ni ngamia na mbuzi, akamweka kwenye spika tusikie wote.

"Mama, osha hicho kidole na sabuni, maji yakitiririka, robo saa nzima, halafu uende uchomwe sindano leo hii. Usingoje."

"Na mbwa?"

"Amechanjwa?"

Mke wa mwanangu akasema ndiyo, ila karatasi ilibaki Nairobi. Daktari akasema basi asiuawe. Afungiwe peke yake siku kumi, asiguswe na mtu, apewe maji na chakula. Kama kichaa kilikuwa kwenye mate yake aliponing'ata, atakufa kabla siku hizo hazijaisha. Akifika ya kumi akiwa mzima, hakukuwa na kichaa. "Na usimtie tena kitu mdomoni. Ulimi haumezwi. Ondoa vitu vya kumgonga, hesabu dakika. Zikipita tano, nipigie."

"Siku kumi na hicho kitu hapa, na mtoto yupo?" mwanangu akasema.

"Wewe nilikulea miaka kumi na minane," nikamwambia. "Siku kumi zitanishinda?"

Tukakifungia kwenye banda la mbuzi la waya. Nilichomwa sindano, nikarudi mara nyingine na nyingine, mkono umevimba. Chakula nilikisukuma na kijiti. Waya niliufunika shuka iliyolowa maji, maana joto la huku linamtesa hata mzima. Kila asubuhi jirani aliuliza juu ya ua, "Bado?" Namjibu, "Bado kinakula." Mwanangu hakuuliza kitu. Alikuwa akipita mbali na banda kana kwamba mimi ndiye niliyefungiwa humo.

Siku ya sita, alasiri, kikaanguka tena. Jirani akaona, akaita watu. Nikasimama mbele ya mlango wa banda. Nikalivuta karai la maji kwa kijiti lisikigonge, nikamwambia mwanangu atazame saa ya simu. Mikono yangu nikaikunja kifuani, na niwaambie ukweli, kukaa bila kufanya kitu ni kazi ngumu kuliko kulima. Dakika moja. Ya pili ikaingia. Hapo kikalegea, kikatulia, baadaye kikanywa maji. Nikawageukia waliokuwa kwenye ua, nikawaambia waende kwao, hakuna nyama inayogawanywa hapa.

Siku ya kumi daktari akaja mwenyewe. Akakikagua, akakishika mdomo bila woga. "Hiki kina kifafa. Mbwa wadogo wengine wanacho." Akaandika vidonge, asubuhi na jioni, tusiruke hata siku moja na tusiache kwa kujiamulia tukiona kimepona. Mwanangu akasema, "Basi, mama, yameisha." Yameisha kwake. Mimi nilikuwa nangoja neno samahani, na bado nangoja.

Jioni ile jirani akaja bila fimbo. Akasimama, akatazama viatu vyake.

"Mama. Mtoto wa ndugu yangu, msichana, huko Elwak. Anaanguka hivi."

"Wanamfanyia nini?"

"Wanne wanamshika. Wanabana mikono na miguu." Akajigusa utosini. "Na mara mbili wamemchoma na chuma, hapa kichwani. Kama ngamia mgonjwa."

Miaka ishirini ya salamu, na hakuwahi kunitajia. Nilitaka kumtukana, na tusi nilikuwa nalo tayari. Badala yake nikamvutia kiti, nikalaza mto chini, nikamwonyesha: hivi, ubavu, kitu laini chini ya kichwa, mwachie mikono, chuma kisimguse tena, tazama saa, kisha hospitali, apate dawa yake ya kila siku.

"Nitawaambia nikienda," akasema.

"Utawaambia sasa. Piga simu."

Akapiga. Kisomali changu ni cha sokoni, lakini neno chuma nalijua, na nilipolisikia amelisema chini chini, haraka, nikamshika kiwiko.

"Rudia hapo," nikamwambia. "Kwa sauti."