Nilivyoingia mashine ya mapafu Embu nikiwa mzima

Wakuu, hii ni ya ule mwaka viazi vilikosa mnunuzi huku Kibirichia. Tulikula viazi asubuhi, mchana na jioni, mpaka mbwa wangu akawa ananusa sahani na kwenda zake. Mkikumbuka hiyo njaa ya kushiba, mnajua ni mwaka gani.

Naandika mwenyewe. Shule niliachia darasa la tatu, lakini nimelea watoto na wajukuu na hakuna mmoja alilala njaa. Uongo sina haja nao.

Mimi nilikuwa mvutaji. Si sigara ya duka. Ni kiraiko, ile tumbaku unapanda nyuma ya jiko, unakausha, unasokota na karatasi. Nilianza kabla nizae. Na kifua hakijawahi kuniuma. Debe la viazi naweka kichwani bila kusaidiwa.

Sasa mwaka huo tukazika mzee huko Gachoka, baba mkwe wa binti yangu Karimi. Alivuta kama mimi. Alipokohoa damu ndio akapelekwa hospitali, wakakuta kansa ya mapafu imeshaenea.

Tukiwa hapo tunakunywa chai ya matanga, Karimi akanivuta kando.

"Mami, kuna CT scan huko Embu, ile ya mionzi kidogo. Ni ya watu wamevuta miaka mingi na bado hawaumwi."

"Kama siumwi, natafuta nini?"

"Kama kuna kitu kimeanza, kionekane kikiwa kidogo."

Nikamjibu kikombe kikiwa mkononi: "Sipiki chai ya matanga yangu mwenyewe."

Mnajua alisema nini?

"Mami, hata huyu mzee hakupika. Alipikiwa."

Wakuu, hiyo chai sikuimaliza. Nikaimwaga chini. Nikakubali.

Wiki ya kwenda sikuvuta. Nilitaka mashine ikute kumefagiwa, vile unafagia ukisikia pasta anakuja. Tena nikateremka Meru mjini, nikanunua mifupa kwa butcheri ya Majengo, nikanywa supu mpaka nikatoa jasho, maana kwetu tunasema supu inaosha kifua.

Daktari alikuwa msichana mdogo, ana adabu, ananiita cucu, yaani nyanya. Nilipomwambia habari ya supu alicheka mpaka akashika meza.

"Cucu, supu inaenda tumboni. Na moshi wa miaka yote hiyo hautoki kwa wiki moja. Lakini hiyo wiki ni mwanzo mzuri. Usirudie kiraiko."

Hiyo mashine ni kama mzinga mkubwa wa nyuki, wazi pande zote mbili. Unalala, unainua mikono juu ya kichwa, unaambiwa zuia pumzi, inalia vuuu, imeisha. Hakuna sindano. Nguo ya kanisa nilivaa bure.

Majibu: kuna kakitu kadogo kwa pafu la kulia, kama punje ya mtama. Daktari akasema vitu vidogo hivyo mara nyingi si kansa, lakini lazima nirudi baada ya miezi kadhaa waone kama kanakua.

Hapo sasa nikaharibu. Jumapili niliomba maombi kanisani, na nikataja hilo neno, kansa.

Jumanne wamama wa kikundi chetu cha kanisani wakafika na kuni, sukari na maziwa. Kwetu mizigo kama hiyo inaenda kwa nyumba mbili: ya mama amejifungua, na ya matanga.

Na mimi kuzaa nilimaliza kitambo.

Mwenyekiti wetu, Mama Mwenda, akazungusha macho ukutani. "Ile picha yako nzuri iko wapi?"

Mwingine akasema, "Usirudi kwa hiyo mashine. Inaamsha ugonjwa ulikuwa umelala."

Halafu Mama Mwenda tena: "Haya, weka maji ya chai tuanze wimbo."

Sikuweka. Nikawapa majembe. Tulichimba viazi mpaka jioni, na kila mmoja akaenda na debe la viazi na sukari yake. Mama Mwenda alinuna mpaka alipoona ukubwa wa viazi.

Embu nilirudi. Punje iko pale pale, haijakua. Wakiniita tena, naenda tena. Kiraiko niling'oa chote nikapanda sukuma wiki, ingawa asubuhi mkono bado unaenda mfukoni peke yake.

Nilichojifunza ni hiki. Kama umevuta miaka mingi na umri umesonga, uliza daktari kama hiyo scan inakufaa. Uliza ukiwa bado unajibebea maji. Usingoje kubebwa wewe.

Mlioenda, semeni mlionaje. Waoga pia waulize, nitajibu nikitoka shamba. Lakini kama umekuja hapa kuniandikia pole, pita tu.

Sipiki chai ya matanga yangu mwenyewe.