Riwaya Iliyoshonwa Vibaya

Kwa miaka kumi na mitano mfunga vitabu mmoja hakutoa ushauri wa kichwani mwake. Ukimpelekea kamusi iliyokatika mgongo, ulirudi na kamusi imara pamoja na funzo kutoka kwa mtunzi mmoja mkongwe aliyemhusudu. Muuza maziwa akichelewa, aliambiwa: "Yule baharia kwenye riwaya aliahidi kidogo, akatimiza chote." Nampongeza kwa hilo. Wengi husoma kujua nani kaoa nani, kisha hufunga kitabu na tabia zao zilezile.

Ila funzo moja aliling'ang'ania kama kupe: usiharakishe kusamehe. Katika nakala yake, kaka anamsamehe mdogo wake, halafu mdogo huyo anamnyang'anya shamba. Basi mdogo wake mwenyewe alipochukua kisu chake cha kukatia karatasi akakitumia kukatia mabati, fundi alinuna miaka minne. Mdogo alikuja kuomba radhi mara tatu. Mara tatu alijibiwa kwa riwaya.

Sasa binti wa fundi alikuwa anaolewa Jumamosi. Jumanne alisimama mlangoni mwa karakana.

"Baba, kwa hiyo baba mdogo haji?"

"Mtunzi alishasema, mwanangu."

"Mtunzi ndiye aliyenifundisha baiskeli? Bila baba mdogo nitacheka kwa ajili ya picha tu."

Fundi aliendelea kupaka gundi. Mikono ilifanya kazi, moyo ulikuwa kwingine.

Kesho yake mkutubi wa shule alimletea nakala nyingine ya riwaya ileile, abadilishe jalada. Fundi akaifungua kukagua uzi, akasoma kidogo, akashtuka.

"Mbona hapa shamba linaporwa kwanza, msamaha unakuja baadaye? Tena wanaishia kulima pamoja! Nani kakichezea kitabu hiki?"

"Tazama namba za kurasa, fundi. Lete chako."

Chake hakikuwa na namba. Siku alipokishona upya alikata kingo kwa pupa, namba zote zikaenda na vipande. Kisha fungu moja la kurasa akalitanguliza mbele ya lenzake.

Mkutubi alicheka hadi akakalia rundo la karatasi. "Na sentensi iliyokatika katikati hukuiona?"

"Niliiona. Nikajua ndio ufundi wa watunzi wakubwa."

"Basi kosa la uzi hilo, usijilaumu."

"Hapana," alisema fundi, uso umembadilika. "Uzi haukunifungia mlango. Mdogo wangu alibisha mara tatu, nikasikia."

Hilo ndilo neno la mtu mzima. Kitabu, hata kikishonwa sawasawa, si komeo la kumfungia ndugu nje.

Akaondoka na aproni yake, gundi vidoleni. Alimkuta mdogo wake uani anapaka kiti rangi.

"Kaka! Leo umekuja kukata nini?"

"Nimekuja kuomba radhi. Nilikujibu kwa kitabu, na chenyewe sikukisoma sawasawa. Jumamosi..."

"Saa nne asubuhi. Najua."

"Nani kakuambia?"

"Suti nimeipiga pasi tangu Jumatatu. Ungechelewa kidogo tu ningekuja hivyohivyo, nikae nyuma, nile, niondoke."

Fundi alimkumbatia, na wote wawili wakaanza kucheka. Kutoka jikoni mke wa mdogo wake akapaza sauti:

"Shemeji, nawa mikono kwanza! Mkigandana huko, nani atawabandua kabla ya Jumamosi?"